Faili Moja, Maamuzi Tofauti: Ujuzi wa Watu wa Bima Upimwe Wapi?

Tuchukue mfanyabiashara wa vitenge mwenye duka Kariakoo. Mzigo uliopo dukani leo una thamani ya shilingi milioni 80. Alipoanza biashara ulikuwa wa milioni 20, na ndicho kiasi kilichoandikwa kwenye bima yake ya moto. Kila mwaka wakala wake hupita kumkumbusha. "Mama Asha, bima inaisha wiki hii. Turudie ileile?" "Ileile, mwanangu, hali ngumu." Ada inalipwa, stakabadhi inatoka, wakala anaelekea duka linalofuata. Kisha usiku mmoja hitilafu ya umeme inateketeza nusu ya mzigo. Hasara ni milioni 40. Mama Asha anajua hawezi kulipwa zote, maana bima yake ni ya milioni 20, basi anahesabu walau hizo 20. Barua ya kampuni inapofika inasema atalipwa milioni 10.

Kisheria hakuna aliyemdhulumu. Mikataba ya bima ya mali huwa na kifungu cha uwiano: ukikatia bima robo tu ya thamani ya mali yako, unahesabiwa kwamba robo tatu zilizobaki umezibeba mwenyewe, na kila hasara, kubwa au ndogo, itagawanywa kwa mizani hiyohiyo. Milioni 20 ni robo ya milioni 80, kwa hiyo analipwa robo ya milioni 40. Kampuni imetimiza mkataba, mtathmini hasara amefanya kazi yake, na kwenye ripoti ya robo mwaka dai hili litaonekana limelipwa kwa wakati. Mtaani, hata hivyo, watu watasikia jambo moja tu: Mama Asha alilipia bima miaka yote, duka likaungua, akapewa milioni 10.

Kilichokosekana ni swali moja la kuulizwa pale dukani, kila mwaka, kabla ya stakabadhi kutoka: mzigo wa leo ni wa shilingi ngapi? Na jambo linalopaswa kutusumbua sisi tunaoshughulika na mafunzo ya bima ni kwamba wakala huyo, ukimpa karatasi ya mtihani, kifungu cha uwiano atakieleza vizuri sana. Pengine atakupa na mfano wa hesabu. Anakijua, ila hakukitumia.

Pengo hilo, kati ya kujua na kutumia, ndilo ninalotaka tulitazame. Sekta ya bima katika Afrika Mashariki inatumia fedha nyingi kwa mafunzo, vyeti na semina, na karibu mara zote inapima matokeo mahali pasipofaa. Umahiri wa mtu wa bima unapaswa kupimwa sehemu mbili: pale mteja anapoelezwa kabla ya kusaini, na pale dai lake linapoamuliwa. Utafiti wa kutosha upo unaoonyesha kwamba sehemu hizo zinapimika, tena kwa gharama ndogo.

Mtindo wa vyeti tuliurithi. Uingereza ndiko taasisi za kwanza za kuwafundisha na kuwatahini watumishi wa bima zilikoanzia. Ya Manchester ilianzishwa 1873, taasisi za miji mbalimbali zikaungana 1897, na 1912 muungano huo ukapewa hati ya kifalme na kuwa Chartered Insurance Institute, ambayo mitihani yake bado inafanywa na vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kampuni za Kiingereza zilipofungua matawi huku, zilikuja na mitihani hiyo. Kwa Tanzania, Shirika la Bima la Taifa liliundwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likabaki peke yake kwenye soko la Tanzania Bara kwa takriban miaka 30, hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Miaka yote hiyo shirika moja ndilo lililokuwa chuo cha vitendo cha soko hilo lote: kijana aliingia akiwa karani, akakaa karibu na mkubwa wake, akaona madai ya kila aina yakipita mezani. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa 1972, kilitoa nadharia, na ofisi ikatoa mazoea.

Soko lilipofunguliwa kampuni zikawa nyingi, kila moja ikawa na watu wachache, na ule utaratibu wa kijana kukaa miaka kando ya mzoefu ukadhoofika. Ukiritimba ulikuwa na madhara yake na siutamani urudi. Lakini mafunzo ya mezani yaliyokuwa ndani yake hayakupata mrithi, na nafasi yake ikachukuliwa na cheti.

Leo Kenya haimsajili wakala wa bima asiye na cheti cha umahiri, na mamlaka yao ya udhibiti, IRA, inasimamia jambo hilo kwa makini. Tanzania nako Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, hutoa leseni kwa masharti ya elimu. Ni jambo jema. Cheti kinahakikisha kwamba mtu hauzi kitu asichowahi hata kukisikia. Ila kinapima kumbukumbu ya siku moja ndani ya chumba tulivu, wakati kazi yenyewe inafanyika dukani, watu wakiingia na kutoka, na mteja ana haraka.

Ulaya wamejaribu kuziba pengo hilo kwa saa. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu usambazaji wa bima, lililoanza kutumika Oktoba 2018, linamtaka kila anayeuza bima apate angalau saa 15 za mafunzo kwa mwaka. Chartered Insurance Institute yenyewe inawataka wanachama wake wenye sifa za kitaalamu watimize saa 35. Wapo wanaoona tuige idadi hiyo moja kwa moja. Mimi sina ugomvi na saa, lakini saa inapima muda mtu aliokaa kitini. Haisemi alitoka na nini.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alipendekeza kwamba mafunzo ya kazini yatathminiwe kwa ngazi nne. Kwanza, washiriki wameyaonaje? Pili, wamejifunza nini? Tatu, wamebadilisha namna wanavyofanya kazi? Nne, mabadiliko hayo yamezaa nini kwa taasisi na wateja? Kila aliyewahi kuhudhuria semina ya bima anaijua ngazi ya kwanza: ni ile fomu inayogawiwa saa kumi jioni, ikiuliza kama mkufunzi alieleweka, ukumbi ulifaa na chakula kilitosha. Mtihani unafikia ngazi ya pili. Ya tatu na ya nne, ambazo ndizo zinazomhusu Mama Asha, ni nadra mtu kuzigusa. Faili la semina hufungwa fomu zikishakusanywa, na mwaka unaofuata bajeti inaombwa tena kwa sababu washiriki waliridhika.

Sasa tuje kwenye utafiti ambao ningependa kila mkurugenzi wa bima aufahamu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2002, pamoja na Olivier Sibony na Cass Sunstein, wanaueleza katika kitabu chao Noise kilichotoka 2021. Ulifanyika ndani ya kampuni moja kubwa ya bima. Viongozi wa kampuni walitunga mafaili yanayofanana na kazi ya kila siku. Mafaili yaleyale yakapewa maofisa wengi wanaopima hatari na kupanga ada, kila mmoja akaamua peke yake bila kujua mwenzake ameandika nini. Mafaili mengine ya madai yakapewa maofisa wa madai kwa mtindo huohuo. Kabla ya matokeo, viongozi waliulizwa: mkichukua maofisa wawili mnaowaamini, uamuzi wao juu ya faili moja utapishana kwa kiasi gani? Wengi walitaja asilimia 10 au chini yake, tofauti ambayo mtu anaweza kuivumilia.

Kwa maofisa wa kupanga ada, tofauti ya kati ilikuwa asilimia 55. Kwa maofisa wa madai ilikuwa asilimia 43.

Tuiweke hiyo 55 katika shilingi. Mteja mmoja anaomba bima ya ghala. Faili lake likienda kwa ofisa wa kwanza anaambiwa ada ni shilingi 950,000. Faili hilohilo likiangukia meza ya pili, ada ni 1,670,000. Wastani ni 1,310,000, na tofauti ya 720,000 ni asilimia 55 ya wastani huo. Ghala ni lilelile, paa lilelile, mlinzi yuleyule. Kilichobadilika ni nani alikuwa zamu. Na kumbuka hii ilikuwa kampuni yenye wataalamu waliosoma, wenye uzoefu, ambao walikuwa wakiheshimiana na kudhani wanakubaliana. Hawakuwa wamewahi kulinganisha. Kila faili hushughulikiwa na mtu mmoja, kisha linakwenda kabatini, na hakuna anayejua mwenzake angesema nini.

Kinachonivutia zaidi katika utafiti huu ni jinsi ulivyo rahisi kufanyika. Hauhitaji mshauri kutoka nje wala mtambo. Kampuni ya Mwanza, Mombasa au Kigali yenye maofisa wa madai 10 inaweza kuchagua mafaili matano ya zamani, ikafuta majina na namba za magari, ikawapa wote siku moja, na kuwataka waandike kiasi ambacho wangelipa na sababu yake. Jioni majibu yanabandikwa ukutani bila majina ya maofisa. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Anayesema 3,000,000 na anayesema 5,000,000 watatakiwa kuonyesha kila mmoja ameanzia wapi: huyu alitoa uchakavu wa gari kwa kiwango gani, yule alikubali ankara ya gereji bila kuuliza, mwingine alidhani kifungu fulani kinamzuia kulipa ilhali hakimzuii. Katika mjadala wa namna hiyo watu hujifunza mkataba kwa kina ambacho mhadhara hauwezi kufikia, kwa sababu kila mmoja ameshaweka msimamo wake kwenye karatasi.

Kwa mteja jambo hili lina maana kubwa. Madereva wawili waliogongwa wiki moja, magari yanayofanana, bima kubwa ya kampuni moja, mmoja akilipwa vizuri na mwingine akilipwa nusu, watakutana kijiweni na kulinganisha. Huwezi kuwaambia kwamba ilikuwa bahati ya meza. Watasema kuna aliyetoa chochote, na kampuni haitakuwa na jibu.

Upande wa mauzo kuna jambo gumu zaidi, na hapa mafunzo peke yake hayatoshi. Watafiti Santosh Anagol, Shawn Cole na Shayak Sarkar walifanya majaribio katika soko la bima ya maisha la India. Waliwafunza watu, wakawatuma kwa mawakala wakijifanya wateja. Baadhi ya hao wateja walieleza mahitaji ambayo yangetimizwa vizuri kabisa na bima ya muda maalumu, ile rahisi inayolipa familia ukifariki ndani ya kipindi kilichopangwa. Mawakala wengi waliwapendekezea bima ya maisha yote iliyochanganywa na akiba, ambayo ni ghali zaidi na haikuwafaa, lakini inamlipa wakala kamisheni kubwa zaidi. Mteja aliyekuja na dhana potofu, wakala hakumsahihisha. Alimfuata humohumo. Serikali ilipotaka kamisheni ya aina moja ya bima iwekwe wazi kwa mteja, mawakala walihamia kupendekeza aina nyingine zenye kamisheni nono ambazo hazikuguswa na agizo.

Mawakala hao walikuwa na leseni. Kwa hiyo tukisema kwamba tatizo la ushauri mbovu ni uhaba wa elimu, tunajidanganya. Wakala anayeishi kwa kamisheni, asiye na mshahara, mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, anajifunza haraka sana bidhaa ipi inamlisha. Huo nao ni ujuzi, na mfumo wa malipo unamfundisha kila mwisho wa mwezi, wakati semina inamfundisha mara moja kwa mwaka. Uingereza ililiona hilo, na kuanzia mwisho wa 2012 ikapiga marufuku kamisheni kwa washauri wa uwekezaji wa rejareja, wakati uleule ikipandisha kiwango cha elimu wanachotakiwa kuwa nacho. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu moja lisingesimama bila lingine.

Sisemi kamisheni ifutwe kesho katika masoko yetu. Wakala wa Kahama au Kitale asiyelipwa kamisheni hatatoka nyumbani. Ninachosema ni kwamba sehemu ya malipo yake inaweza kufungwa kwenye mambo yanayoonyesha kama alimweleza mteja: je, mteja alirudi mwaka wa pili na wa tatu? Dai lake la kwanza lilikwama kwa sababu ya jambo ambalo lingeulizwa kwenye fomu? Kampuni ina takwimu hizo zote kwenye kompyuta zake. Haizitumii kumpima wakala, inahesabu ada alizoleta tu.

Na fomu ya maombi inastahili kutazamwa kwa karibu. Kwa utaratibu, mteja ndiye anayejibu maswali: paa ni la nini, kuna mtungi wa kuzimia moto, umewahi kupata hasara miaka ya nyuma, kuna kampuni iliyowahi kukukatalia bima. Sheria ya bima inamtaka aseme kweli yote, na jibu la uongo linaweza kuufuta mkataba. Kwa mazoea, anayejaza ni wakala, tena akiwa amesimama, akiweka tiki za "hapana" kwenye maswali yote ya hasara ili mambo yaende, kisha anamgeuzia mteja karatasi: "Saini hapa, mzee." Mzee anasaini maneno ambayo hakuyasoma, mara nyingi ya Kiingereza. Miaka miwili baadaye, ofisa wa madai anakuta kwamba ghala liliwahi kuingiliwa na maji na halikutajwa. Kila mmoja katika mlolongo huo ana cheti.

Ukitaka kujua kama mafunzo ya mawakala yamefanya kazi, chukua fomu 50 za mwezi uliopita, wapigie simu wateja wenyewe, waulize maswali yaleyale yaliyomo kwenye fomu, ulinganishe. Hiyo ni ngazi ya tatu ya Kirkpatrick, na inahitaji simu na kijana mmoja mwenye adabu.

Swali la kama elimu inauza bima limechunguzwa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, tena kwa undani ambao sekta yetu haijaufaidi ipasavyo. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, ilizindua pamoja na washirika wake bima ya mifugo ya Marsabit. Mkenya Andrew Mude, aliyeiongoza kazi hiyo, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug ya watafiti wa nyanjani 2016. Bima yenyewe ilikuwa ngeni kabisa. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho ya eneo zima, na kutokana na vipimo hivyo vifo vya mifugo vinakadiriwa. Katika mkataba wa mwanzo, makadirio yakipita asilimia 15, wote waliokata bima katika eneo hilo wanalipwa.

Jiweke kwenye nafasi ya anayetumwa kulieleza hilo kwa mfugaji. Unapaswa kumwambia kwamba ng'ombe wake akifa huku malisho ya eneo yakiwa mazuri, hatalipwa. Unapaswa pia kumwambia kwamba anaweza kulipwa hata kama ng'ombe wake wote wamepona, kwa kuwa eneo limekauka. Ukiruka sentensi ya kwanza utauza upesi, na utakuwa umepanda ugomvi. Watafiti walitumia michezo: wafugaji walipewa mifugo ya kuigiza, misimu ikaamuliwa kwa bahati nasibu, mvua au ukame, na kila mmoja akaona kundi lake likikua au likipungua, akiwa na bima na akiwa hana. Mzee ambaye hajawahi kukaa darasani alikuwa anapima hatari, kazi ambayo ameifanya maisha yake yote kwa kuchagua lini ahame na kwa nani aazime majike. Hapo mafunzo yalimkuta pale alipo.

Kwa upande wa Borana, Ethiopia, watafiti walikwenda mbele zaidi. Baadhi ya wafugaji walipewa vitabu vya katuni na kanda za maigizo yanayoeleza bima, na baadhi walipewa kuponi za punguzo la bei, kwa kuchaguliwa bila mpangilio. Waliopata katuni na maigizo waliielewa bima vizuri zaidi. Lakini hawakununua zaidi. Waliopata kuponi ndio walionunua zaidi.

Wapo watakaosoma matokeo hayo wakasema, basi elimu ya nini, tupunguze bei tu. Mimi nayasoma kinyume. Mtu aliyeelewa bima kisha akaamua kutoinunua, au akanunua kidogo, ameamua kwa akili zake. Kazi ya elimu ni kumwezesha aamue, na anayeipima kwa mauzo peke yake anamgeuza mwalimu kuwa mchuuzi. Isitoshe, utafiti mwingine wa wakulima wa mpunga katika jimbo la Jiangxi, China, uliofanywa na Jing Cai, Alain de Janvry na Elisabeth Sadoulet, ulionyesha kwamba maelezo ya kina yanaweza kuongeza ununuzi. Walilinganisha kikao kifupi cha dakika 20 na kikao cha dakika 45 kilichofafanua bima inavyofanya kazi na inavyomfaa mkulima. Waliokaa dakika 45 walikata bima kwa wingi zaidi. Na rafiki zao, waliohudhuria kile kikao kifupi siku chache baadaye, nao walikata zaidi, kwa sababu uelewa ulikuwa umeshapita kwenye mazungumzo ya watu wanaoaminiana. Tofauti ya dakika 25 ilienea kijijini bila kampuni kuongeza gharama yoyote.

Kwa hiyo bei, uelewa na nani anayeeleza vyote vina kazi yake, na vinatofautiana kutoka mahali hadi mahali. Ndiyo maana tunahitaji utafiti wetu wenyewe, kwa bodaboda wa Arusha, mvuvi wa Kilwa na mama ntilie wa Kisumu, badala ya kukisia kutoka Marsabit au Jiangxi. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa bima kila mwaka wanaotafuta mada ya tasnifu, na kampuni zina takwimu. Wanafunzi hao wengi wanaishia kugawa hojaji zinazouliza watu kama "wanakubali kabisa" au "wanakubali kiasi" kwamba mafunzo ni muhimu. Kila mtu hukubali. Wapeni mafaili.

Katika mjadala wa ujuzi, uhaba wa watakwimu bima, yaani wataalamu wa kukokotoa hatari na ada, unazungumzwa sana, na ni wa kweli. Kufuzu katika fani hiyo kupitia taasisi za Uingereza au Marekani ni miaka ya mitihani migumu baada ya shahada, na kanuni mpya ya kimataifa ya hesabu za mikataba ya bima, IFRS 17, iliyoanza kutumika Januari 2023, imeongeza mahitaji yao kila kampuni. Lakini kundi hili lina njia iliyonyooka ya kujifunza na mwajiri anayelihitaji. Litajengeka. Wasiwasi wangu uko kwa walio mstari wa mbele.

Na mstari huo unapanuka kuliko mafunzo yanavyoweza kuufuata. Benki sasa zinauza bima kwenye madirisha yao. Mtu anachukua mkopo, bima ya mkopo inakatwa humohumo, keshia anamwonyesha pa kusaini, basi. Akifariki, mjane anaendelea kuhangaika na marejesho, akiuza kiwanja, kwa sababu hakuna aliyemwambia yeye wala marehemu kwamba deni lilikuwa na bima. Simu za mkononi zinauza bima kwa kubonyeza tarakimu tatu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023, na watu ambao hawajawahi kushika kadi ya bima watahitaji mtu wa kuwaeleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nini kimo na nini hakimo. Keshia, wakala wa simu na karani wa zahanati wamekuwa watu wa bima bila kuitwa hivyo.

Bima kwa Kenya bado iko chini ya asilimia 3 ya pato la taifa, na Tanzania iko nyuma ya hapo. Kila mkutano wa sekta unalitaja jambo hilo na kuagiza uhamasishaji zaidi. Mimi naomba kingine: TIRA, IRA na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi wazitake kampuni zifanye, angalau mara moja kwa mwaka, zoezi la faili moja kwa maofisa wengi, na ukaguzi wa fomu kwa kuwapigia wateja, kisha matokeo ya jumla ya soko yatangazwe. Kampuni ambayo maofisa wake wanapishana kwa nusu ya fidia inapaswa kujulikana na msimamizi wake kabla haijajulikana na kijiwe.

Wewe msomaji mwenye bima, au unayefikiria kukata, usisubiri hayo. Fomu ya maombi isomewe mbele yako kwa lugha unayoielewa, majibu yawe yako, na nakala ubaki nayo. Kila unaporudia bima, taja thamani ya mali yako ya siku hiyo, hata kama wakala hajauliza. Ukichukua mkopo, uliza kama una bima na mwambie mwenzako nyumbani. Na dai lako likikataliwa au likipunguzwa, omba kifungu kilichotumika kwa maandishi. Usiporidhika, Tanzania yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya IRA hupokea malalamiko ya wateja.